Ijumaa Kuu Nyumbani kwa Bi Muhiba

Katika laini yetu ya nyumba za baraza la jiji, Shauri Moyo, hakuna aliyemwita Kezia kwa jina lake ila mumewe Walter na wenzake wa kanisani. Sisi wengine tulimwita Mama Awuor. Huyo Awuor hatukuwahi kumwona, na kila mtu alijijibu alivyotaka: labda ameolewa Kisumu, labda analelewa na nyanya yake. Kezia alikuwa na wavulana wawili waliosoma shule za bweni, lakini jina la uzazi hushika kwa mtoto wa kwanza, na likishashika halibanduki. Aliitwa hivyo asubuhi akichota maji, akaitwa hivyo jioni akianua nguo, na kila alipoitwa aliitika.

Kazi yake ilikuwa kufagia zahanati. Mtu mwenye ufagio husikia mengi, kwa sababu watu huzungumza mbele yake kama kwamba hayupo. Asubuhi moja, mwaka wa themanini, muuguzi alikuwa akiwafundisha akina mama juu ya watoto wanaoharisha. Aliinua juu chupa tupu ya bia, na akina mama wakacheka.

"Chekeni tu," muuguzi alisema. "Hii ni nusu lita kamili, na hakuna nyumba Nairobi isiyokuwa na moja, hata ya mlokole. Maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa moja. Sukari vijiko vitatu vidogo, uvisawazishe. Chumvi, ncha ya vidole vitatu. Kisha onja. Ikiwa chumvi imezidi ya machozi, mwaga uanze upya. Mtoto anayeharisha hauawi na tumbo. Anauawa na kukauka."

Siku hiyo Kezia alifagia chumba kimoja mara mbili bila kujua. Jioni aliokota chupa kwenye jaa, akaiosha kwa maji ya moto na majivu, akaificha chini ya kitanda. Ilikaa huko miaka mitatu. Yeye na Walter hawakuonja pombe, na hakutaka kuulizwa.

Masika ya themanini na tatu yalikuja na maneno mabaya. Watu wawili walikuwa wametolewa katika laini za chini, karibu na mto, wakiwa wamefunikwa mashuka, na neno kipindupindu likapanda kutoka nyumba hadi nyumba. Kwetu mfereji ulikuwa mmoja kwa laini nzima, na vyoo vilikuwa vya pamoja. Tulianza kuangaliana mikono. Mtu akienda chooni mara mbili, ilijulikana.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo Kezia aliamka akiwa amefunga. Kanisani kwao palikuwa na desturi ya watu saba kuyasema yale maneno saba ya msalabani, kila mtu moja, kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa. Kwa mara ya kwanza Kezia alikuwa amepewa neno: la tano, lile ambalo Yesu anasema ana kiu. Kwa majuma matatu alikuwa akijizoeza huku akisonga ugali, na Walter alisema anaweza kulihubiri yeye mwenyewe kwa jinsi alivyolisikia. Wanawake wafagiaji hawakupewa maneno. Kezia alijua hivyo, na alikuwa amepiga pasi sare yake tangu Jumatano.

Saa tatu asubuhi alitoka na ndoo, tayari amevaa sare, akawakuta wanawake mferejini wamesimama mbali na maji, wakitazama mlango wa Bi Muhiba.

Bi Muhiba alikuwa mama mwenye asili ya pwani, ameishi Nairobi tangu enzi za wakoloni, mkali wa ulimi na msafi wa nyumba. Alikaa na mkwe wake Shamsia na mjukuu mmoja, Haidari, mwenye miezi kumi. Hamidi, mwanawe, alikuwa amekwenda Isiolo kununua mbuzi wa kuuza sokoni Kiamaiko, naye hangerudi kabla ya Jumapili.

"Mtoto wao anamwaga tangu jana," alisema Njoki, jirani wa mlango wa pili, mama wa watoto watatu. "Chini na juu. Mimi nimesema, hiyo nyumba isiguse mfereji. Wakitaka maji, waweke ndoo hapo mbali, mtu atawamwagia."

"Na nani atawamwagia?" aliuliza Kezia.

"Si mimi."

Sitasema kwamba Njoki alikuwa mtu mbaya. Alisema tu kwa sauti kile ambacho sisi tulikuwa tukikisema moyoni.

Ndipo Kezia alipomsikia mtoto akilia. Ulikuwa mlio mkavu, mfupi, kama mlango usiotiwa mafuta. Aliweka ndoo chini, akaenda akabisha hodi.

Shamsia alifungua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Ndani, Bi Muhiba alikuwa mkekani, mtoto mapajani, tumbo la mtoto limefungwa kitambaa kwa nguvu. Alikuwa amemlambisha majani ya mpera yaliyotwangwa, wala hakuna kingine kilichoruhusiwa kupita kinywani mwake tangu jana mchana. Hata ziwa la mama lilikuwa limezuiwa.

Kezia alipiga magoti, akagusa utosi. Ulikuwa umebonyea. Alifinya ngozi ya tumbo juu ya kitambaa, akaiachilia. Ngozi ikabaki imesimama. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, naye alipolia hapakutoka chozi.

"Bi Muhiba, huyu aende hospitali sasa hivi."

"Wale wa laini za chini waliokwenda hospitali," alisema Bi Muhiba, "umewaona wamerudi?"

"Mama, tafadhali," Shamsia alisema.

"Mumeo hayupo. Mimi ndiye nipo."

Zahanati ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Kezia alirudi nyumbani mbio, akamtuma Walter atafute gari, lolote, hata la mizigo; gari likisimama mlangoni, alifikiri, mama mtu atapata nguvu ya kuingia. Kisha alichemsha maji, akayapoza kwa kuyahamisha kutoka sufuria hadi sufuria. Aliingiza mkono chini ya kitanda akatoa chupa.

Hakufikiri. Hilo alilisema baadaye mara nyingi. Mikono yake ilifuata tu vile mikono ya muuguzi ilivyofanya. Akapita mbele yetu sote, amevaa sare nyeupe ya akina mama wa kanisa na kitambaa cha samawati kichwani, chupa ya bia mkononi, Ijumaa Kuu saa nne asubuhi, akaingia nyumba ya Mwislamu.

Bi Muhiba aliitazama ile chupa kabla ya kumtazama mtu.

"Hiyo ya nini nyumbani kwangu?"

"Ya kupimia, Bi Muhiba. Ndani ni maji, sukari na chumvi. Imeoshwa kwa maji ya moto."

"Imeoshwa. Na nguruwe naye akioshwa?"

Ndipo Kezia alipoona alichokifanya. Alisimama pale na chupa yake, na nyuma yake sisi tulikuwa tumejaa mlangoni.

"Nisamehe," alisema. "Nitaleta chombo kingine. Lakini mtoto anywe."

"Asinywe. Tumbo linalomwaga haliongezewi maji. Wewe ukiwa na debe linalovuja, utaendelea kulijaza?"

"Ndiyo. Mpaka nipate la kuzibia, nitaendelea kulijaza."

"Nani alikufundisha, wewe wa ufagio?"

"Muuguzi."

"Muuguzi amezaa wangapi? Mimi nimezaa saba." Bi Muhiba alimvuta mtoto karibu zaidi. "Na wewe wako wangapi?"

"Wavulana wawili."

"Na Awuor?"

Kezia aliketi sakafuni. Hakuketi mkekani, kwa kuwa hakuwa amekaribishwa.

"Awuor alikuwa na mwaka mmoja na nusu," alisema. "Tulikaa nyumba za reli, Muthurwa. Aliharisha siku mbili. Mama mkwe alisema nisimpe maji, majirani wakasema nisimpe, nikamnyima. Alikuwa anajua neno la maji kwa lugha yetu. Pi. Alisema pi, pi, siku nzima. Jioni nilikuwa naosha vyombo, maji yakamwagika chini. Akatambaa mpaka pale, akalamba sakafu. Nikamchapa mkono, Bi Muhiba. Nilimchapa mkono, nikapangusa yale maji kwa kitambaa. Asubuhi alikuwa ameacha kusema pi, nikashukuru kwamba ametulia."

Miaka kumi na minane tulikuwa tukiliita jina hilo, au majirani wengine kabla yetu, tukimwomba Mama Awuor chumvi, tukimwambia Mama Awuor nguo zako zinanyeshewa.

Bi Muhiba alikuwa amebadilika rangi. Alimtazama Kezia kwa chuki. Sikuelewa wakati ule kwa nini iwe chuki.

"Onja wewe kwanza," alisema hatimaye.

Kezia alikuwa amefunga tangu Alhamisi jioni. Alikuwa ameweka nadhiri mbele ya akina mama wenzake kwamba hakuna kitu kitakachopita kooni mwake mpaka saa tisa. Hakusita, walau sikuona akisita. Aliinua chupa, akanywa mafunda mawili.

Na hapo ndipo Rispa alipofika. Rispa alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mrefu aliyekuja kuhakikisha wasemaji wake wako tayari mapema. Alitusukuma mlangoni kwa kiwiko, akamkuta mwenzake amekaa sakafuni na chupa ya bia mdomoni.

"Dada Kezia," alisema polepole. "Siku ya leo?"

"Ni maji."

"Na chupa?"

"Chupa ndiyo kipimo."

Rispa alimwangalia mtoto, akaangalia uchafu uliokuwa kwenye beseni, akarudi nyuma hatua moja, pindo la gauni akalishika. "Neno la tano ni saa nane kasoro. Ukishaingia humu hutakuja kusimama mbele ya watu, unajua. Kuna watoto kanisani. Nimwambie mchungaji nini?"

"Mwambie niko hapa."

"Hapa wapi? Nimwambie nimekukuta unafanya nini?"

"Ulichokiona."

Rispa aliondoka. Habari kwamba Kezia alikutwa na chupa mkononi Ijumaa Kuu ilizunguka kanisa lile miezi miwili, ikiongezewa kila Jumapili. Yeye hakuijibu. Na siku ile, nilivyosikia, walitoka neno la nne wakaenda la sita, kana kwamba la tano halikuwahi kusemwa.

Bi Muhiba alinyoosha mkono kuelekea kabati. "Shamsia. Lete bilauri yangu. Mimina humo, na hiyo chupa itoke nje."

Chupa ikatoka, ikawekwa ukutani kwenye mvua iliyokuwa imeanza kunyesha. Kezia alichota kijiko cha kwanza, akakigusisha kwenye midomo iliyopasuka. Haidari alikivuta kwa nguvu hata meno yake mawili yakagonga chuma. Cha pili vilevile, na cha tatu. Kisha akatapika vyote, juu ya gauni jeupe.

"Si nilisema?" Sauti ya Bi Muhiba ilipanda. "Unaniulia mtoto."

"Tunangoja kidogo. Kisha tunaanza tena, polepole zaidi."

"Utaanza nini? Hamidi nitamwambia nini, kwamba nilimwachia mtu baki?"

"Mwache, mama," alisema Shamsia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpinga mkwewe. "Mwache aanze tena. Mimi nimemwona akikivuta kijiko. Alikuwa anakitaka."

Wakaanza tena. Kijiko kimoja, wakatulia, kijiko kingine. Shamsia akaambiwa afungue kile kitambaa cha tumboni na ampe mtoto ziwa, akafungua, akampa. Kezia alieleza muuguzi alivyosema: hata akiharisha, mpe, hata akitapika, ngoja umpe. Kisha akasema: "Tutajua maji yamekaa mwilini akikojoa. Mvalisheni nepi kavu, muiguse kila mara. Isipolowa kabla ya giza, nitambeba mwenyewe kwa miguu mpaka hospitali, unichukie ukitaka."

Adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka Pumwani, ikafifia ndani ya mvua. Nepi ilikuwa kavu.

Walter alirudi amelowa hadi mifupani. "Dereva wa kwanza aliuliza mgonjwa ana nini," alisema akiwa mlangoni. "Wa pili hakuuliza, alisema anaijua laini yetu. Wa tatu alitaka nimlipe kwanza, nikamlipa, akaondoka." Alifuta uso kwa kofia. "Nakwenda upande wa Jogoo Road." Akaenda tena.

Njoki alisimama dirishani kwa nje, mtandio puani. "Mama Awuor, sikiza. Nakuambia kama dada. Huyo akifa, hawatasema ni tumbo. Watasema ni wewe. Watasema Mkristo alileta chupa ya bia, mtoto akafa. Toka sasa, bado ni mgonjwa wao."

Kezia hakuinua macho kutoka kwenye kijiko. Alikuwa amekwisha kuyafikiri hayo, alinieleza. Alikuwa amemwona Hamidi akilini mwake akishuka Jumapili na vumbi la Isiolo, akiuliza. Alikuwa ameyaona mapanga pia, maana hofu haina kipimo. Aliomba, lakini sala yake haikuwa na maneno mazuri kama yale ya majuma matatu. Ilikuwa: mwache huyu. Kijiko. Mwache huyu. Kijiko.

"Maji yaliyochemshwa yamekwisha," alisema. "Njoki, una makaa?"

Njoki aliondoka. Baada ya muda tuliona sufuria ya maji ya moto imewekwa hatua tano kutoka mlangoni, imefunikwa sahani, na Njoki akirudi kwake haraka. Ile ya pili niliiweka mimi. Nayo niliiweka hatua tano, sikuthubutu kuipunguza hata moja.

Saa nane na nusu, kavu. Saa tisa, kavu. Mtoto alikuwa amelala, na usingizi wake haukuwapendeza. Kezia alimfinya wayo. Akalia kidogo, akarudi kulala. Bi Muhiba alikuwa amehamia ukutani, tasbihi mkononi, na hakuna aliyejua kama anaomba au anahesabu tu shanga. Mara moja alisema, "Hebu nipe hicho kijiko, mkono wako umechoka," akampa mtoto vijiko sita yeye mwenyewe, kisha akakirudisha kama kwamba kimemchoma.

Saa kumi zikapita. Shamsia alikuwa ameigusa ile nepi mara nyingi hata hakuamini tena vidole vyake. Alivipangusa kwenye kanga, akagusa tena. Akamtazama Kezia.

"Mama Awuor. Gusa wewe."

Kezia akagusa. Bi Muhiba alikuja kwa magoti kutoka ukutani, akaingiza mkono wote ndani ya nepi, akautoa, akanusa vidole vyake.

"Ni mkojo," alisema.

Shamsia alianza kulia bila sauti, na Haidari, aliyesumbuliwa na mikono mingi, akaamka akalia naye, na safari hii jicho moja lilikuwa limelowa. Walter alipofika jioni bila gari, aliambiwa, akaketi juu ya ile ndoo ya mkewe. Kesho yake zahanati ilifunguliwa nusu siku, muuguzi akampima mtoto, akasema waendelee vivyo hivyo. Kama kilikuwa kipindupindu au la, hatukujua kamwe.

Lakini ile jioni, kabla ya hayo, Bi Muhiba alitoka nje akaketi kwenye kizingiti. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nikiokota sufuria yangu, na alijua kwamba nipo, ila nadhani hakujali. Kezia alitoka nyuma yake, gauni lake lote madoa, akasimama.

"Walikuwa watatu," alisema Bi Muhiba.

Kezia hakuuliza nani.

"Nimezaa saba, wanne ndio hai. Mdogo alikuwa Mishi. Naye alikuwa mtoto mzuri, mtulivu. Nilimfunga tumbo kwa mikono yangu, nikamkaza." Alitazama viganja vyake. "Miaka yote nasema Mungu aliwataka. Leo wewe umekuja na chupa yako."

"Hatukujua, Bi Muhiba."

"Wewe ukijiambia hivyo, unalala?"

Kezia angeweza kumwambia neno la faraja. Alikuwa ameyasikia mengi kanisani, na mengine yalikuwa mazuri.

"Hapana," alisema.

Bi Muhiba alisogea kidogo kwenye kizingiti. Kezia akaketi. Hawakushikana mikono wala hawakutazamana. Walikaa tu, mabega yao yamegusana kwa sababu kizingiti kilikuwa chembamba.

Ndani, mtoto alianza kulia tena, kwa nguvu zaidi sasa.

"Mama," Shamsia aliita, "amemaliza bilauri na bado anataka. Nimpe nyingine?"

Lilikuwa swali la mama mkwe.

"Mpe," alisema Bi Muhiba bila kugeuka. "Mpe mpaka akatae mwenyewe."